Somo: Santuri na vitabu vya Mezhdunarodnaya Kniga, ni vya mwaka gani?

Swali hili limejibiwa vya kutosha. Atakayeuliza tena ataelekezwa hapa.

Kwanza, MK si studio. Mezhdunarodnaya Kniga, yaani "Kitabu cha Kimataifa", lilikuwa shirika la serikali la Moscow, lililoanzishwa 1923 ili kuuza nje vitabu, magazeti na santuri. Tangu 1964 santuri zilitoka Melodiya, kampuni ya serikali ya Kisovieti ya santuri. Vitabu vilitoka kwa wachapishaji Progress, Mir na wengineo. Nembo ya MK inakuonyesha muuzaji, basi.

1. Toa santuri, ishike kingoni.

2. Soma lebo ya katikati. Jalada huenda likawa la santuri nyingine.

3. Kwenye lebo, tafuta ГОСТ (husomwa GOST) 5289 na tarakimu mbili zinazofuata: 61, 68, 73, 80 au 88. Hapa ndipo tunapochemsha wote. Huo ni mwaka wa KIWANGO cha serikali cha utengenezaji, wala si wa kurekodi. Kiwango kilitumika hadi kingine kilipotoka, hivyo 5289-73 inaweza kuwa imefyatuliwa mwishoni mwa miaka ya 70, na muziki wenyewe ukawa wa 1950. Usiitangaze kuwa "ya 1973". Mnunuzi anayejua atakucheka, asiyejua umemwibia.

4. Soma namba ya santuri, ile inayoanza na herufi. Kabla ya 1975, Д ni mono na С ni stereo. Baadaye mono ikawa М, na tarakimu mbili zikaongezwa baada ya herufi: ya kwanza ni aina (1 klasiki, 5 watoto, 6 nyimbo za kisasa), ya pili ni ukubwa (0 ni sentimita 30, 1 ni 25, 2 ni 17.5). Kila upande una namba yake. Ikifyatuliwa upya, namba hubaki ileile; kwa hiyo isome pamoja na ГОСТ.

5. Kitabu: ukurasa wa mwisho, mstari wa "Подписано к печати", yaani tarehe ya kuruhusiwa kuchapwa. "Тираж" ni idadi ya nakala.

MASWALI

— Yangu ni 5289-80. Ni ya 1980, sivyo?
— Hatua ya 3.

— Lakini aliyeniuzia kasema 1980.
— Yeye anauza. Hatua ya 3, mpaka mwisho safari hii.

— Mkuu, nikiandika C10 na namba mtandaoni sipati kitu. Nakosea wapi?
— Swali zuri. Hiyo С ni herufi ya Kirusi, husomwa S. Kwa macho ni ileile, kwa kompyuta ni nyingine. М nayo hivyohivyo. Nakili herufi zilizo kwenye somo hili, kisha jaribu na za kwetu. Wauzaji wengine huandika hivyo.

— Nina ya Angel ya Marekani imeandikwa Melodiya, haina ГОСТ. Feki?
— Hapana. Kuanzia 1966 Capitol, kampuni ya santuri ya Marekani, ilikuwa na leseni ya kutoa rekodi za Melodiya kule, na lebo ya Angel ni yao. Imefyatuliwa Marekani, ГОСТ itoke wapi?

— Na vile vitabu vya Kiswahili vya Progress?
— Hatua ya 5. Ila usikikunjue kwa nguvu: gundi ya mgongo ikishakauka, kurasa hutoka mojamoja.