Kupanda Kilimanjaro na vepu: tangi lisivuje, betri isizime

Kinachovujisha vepu (sigara ya kielektroniki) ni hewa iliyofungiwa ndani ya tangi, yaani kichupa cha juisi inayovutwa kama mvuke. Ukipanda, shinikizo la nje hupungua, hewa ile hutanuka na kusukuma juisi ipite kwenye pamba ya koili (waya unaopasha juisi) hadi matundu ya chini. Kabini ya ndege huwa kama uko mita 2,000 hivi juu ya bahari. Kilele cha Uhuru ni mita 5,895, na huko shinikizo ni karibu nusu ya la pwani: mililita 1 ya hewa uliyoifunga Dar inadai nafasi ya karibu mililita 2.

1. Kabla ya kwenda uwanja wa ndege, mimina juisi yote irudi chupani. Minya chupa itoe hewa, funga kifuniko, tia kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu.

2. Zima kifaa kabisa (vingi ni kubonyeza mara 5 haraka). Vepu, betri za akiba na pawabenki vinakaa kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo wa chini. Betri isizidi wati-saa 100. Ya mAh 3,000 kwa volti 3.7 ni wati-saa 11.1 tu. Betri ya akiba iwe na kasha lake, maana ikigusana na funguo hupiga shoti. Ndani ya ndege usivute, usichaji.

3. Mlimani, jaza kidogo kidogo, na kila mkifika kambi fungua tundu la kujazia hewa ipumue. Kutoka kambi ya Horombo (mita 3,720) hadi ya Kibo (karibu mita 4,700) usisahau hilo.

4. Usiku wa kilele vepu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Usimpe mgumu (mpagazi) abebe kwenye begi kubwa.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nikijaza tangi hadi pomoni je?*
Ni afadhali kuliko nusu, kwa kuwa hewa ni kidogo. Tupu ndiyo salama zaidi.

*Betri inasoma 60% halafu inazima.*
Baridi. Volti huanguka ukibonyeza. Ipashe moto mwilini, itarudi. Ila usiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0, utaiua.

*Imeanza kukoroma na kutema juisi mdomoni.*
Koili imefurika, haijafa. Itoe, ikung'ute kwenye tishu, futa njia ya hewa.

*Juisi imekuwa nzito kama asali, ladha ya kuungua.*
Yenye gliserini nyingi huzidi kuwa nzito kwa baridi, pamba inakauka. Beba ya 50/50 (nusu gliserini, nusu propilini glikoli iliyo nyepesi zaidi), vuta taratibu.

*Kichwa kinauma, niendelee kuvuta?*
Acha, mwambie kiongozi wa msafara. Nikotini inaweza kuleta kichefuchefu na kizunguzungu, ikawachanganya mkapuuza ugonjwa wa mwinuko.

*Na Rwenzori?*
Upande wa Uganda iache nyumbani. Sheria yao ya tumbaku ya 2015 imezipiga marufuku.