Kutu kwenye bampa la kromu: anzia upande usioonekana

Wengi wakiona vidoa vya kahawia kwenye bampa la gari la zamani hukimbilia kusugua uso. Uso utang'aa, watapiga picha, na baada ya mvua chache vidoa vinarudi palepale. Sababu ni kwamba kromu yenyewe haishiki kutu. Kinachooza ni chuma kilicho chini yake.

Bampa la kromu lina tabaka. Chini kabisa ni chuma, juu yake mara nyingi shaba, kisha nikeli, na mwisho kromu. Hiyo kromu haifiki hata mikroni 1, yaani sehemu ya elfu moja ya milimita. Nikeli ndiyo nene, mikroni kumi na zaidi, na ndiyo inayozuia maji yasifike kwenye chuma. Kromu inaongeza ugumu na ule mng'ao wa buluu kwa mbali. Maji yakipenya kwenye vitobo vidogo, chuma kinaanza kuliwa na kutu inachomoza juu.

Kwa hiyo msasa usiuguse uso huo. Brashi ya waya pia hapana, wala grainda.

Kulifungua

Kama unaweza, toa bampa zima. Nyunyizia nati mafuta ya kulegeza jioni, ziache zilale nayo, asubuhi rudia ndipo ushike spana. Bolti za mabampa mengi zina kichwa cha duara kilichopakwa kromu, kisicho na pa kushika, kwa hiyo kazi yote hufanyika kwa nyuma. Nati ikigoma, usiilazimishe mpaka bolti izunguke ndani ya tundu lake, maana utalikwangua tundu na kuanzisha kutu mpya. Ni afadhali kuikata nati na kununua bolti nyingine. Na tafuta mtu wa kukushikia upande wa pili. Bampa la chuma ni zito na likidondoka linajikunja.

Nyuma ya bampa

Hapa ndipo muda wako mwingi uende. Utakuta matope yaliyokauka miaka nenda rudi, na matope hayo hukaa na unyevu hata wakati wa jua. Kwangua, osha kwa maji na sabuni, kausha kabisa. Sasa brashi ya waya inaruhusiwa: sugua mpaka magamba yaishe, huku umevaa miwani na barakoa.

Bandika utepe wa karatasi kwenye kingo zote zinazogeukia mbele, kisha paka dawa ya kugeuza kutu yenye asidi ya fosforiki. Utepe huo si urembo. Dawa ikichuruzika mbele inaacha doa. Ikishakauka, paka praima (rangi ya msingi) yenye zinki halafu rangi, mikono miwili, yaani mara mbili. Matundu ya kutolea maji yaache wazi.

Uso

Osha kwanza. Ukisugua vumbi likiwa bado lipo, vumbi lenyewe linakuwa msasa.

Kata kipande cha karatasi ya alumini, ile ya kufungia chakula, ikunje, ichovye kwenye maji na usugue taratibu. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo inaondoa kutu bila kuchora uso. Utaona uji wa kahawia. Ufute na badilisha kipande mara kwa mara. Doa sugu liwekee kitambaa kilicholowa siki kwa nusu saa, lisuguliwe tena, kisha suuza na kausha papo hapo. Usiiache siki ikalala usiku kucha.

Wengine hutumia sufu ya chuma ya namba 0000, ile laini kabisa. Inafanya kazi, lakini vijinyuzi vyake vikibaki kwenye vitobo vinashika kutu vyenyewe. Sufu ya shaba nyeusi (bronzi) ni salama zaidi.

Malizia kwa nta, mikono miwili, na uipitishe pia kwenye kingo na kuzunguka matundu ya bolti. Wakati wa kurudisha, paka grisi kwenye nyuzi za bolti.

Maswali ya wanachama

*Fundi, kromu ya kwangu inababuka kama magamba ya samaki. Nisugue tu?*

Hapana, ndugu. Magamba hayo yanakata kama wembe, na kila ukisugua unaongeza eneo. Hilo ni la kuchovya upya, yaani kulipeleka kwa mafundi waliwekee kromu mpya. Kwa sasa vaa glovu, toa yanayoning'inia tu, kisha paka nta nzito.

*Kuna jamaa kaniambia dawa ya kusafishia choo inamaliza kutu kwa dakika chache. Kweli?*

Inamaliza na kromu pia. Nyingi zina asidi ya haidrokloriki, na asidi hiyo huyeyusha kromu. Hata kuwa nayo wazi karibu na gari si vizuri, kwa kuwa mvuke wake unashambulia chuma kilicho jirani.

*Mkuu, nikipuliza rangi ya fedha juu ya vidoa je?*

Haifanani hata kidogo, na kwenye kromu laini haishiki vizuri. Ipulize nyuma.

*Nikipeleka kuchovywa upya niulize nini?*

Uliza kama wanaondoa tabaka za zamani zote, na kama wanaweka shaba na nikeli kabla ya kromu. Anayekuahidi kromu moja kwa moja juu ya chuma, mwache. Uliza pia nani atanyoosha mikunjo, kwa sababu kila kasoro iliyobaki itaonekana zaidi baada ya kung'aa. Piga picha za bampa pande zote kabla ya kuliacha. Usijaribu kuchovya kromu nyumbani: maji yake ya asidi ya kromiki yana sumu inayosababisha saratani.

*Kutu imetoka, ila pamebaki kiwingu cha njano kisichofutika. Niendelee?*

Acha hapohapo. Hiyo ni nikeli, maana yake kromu ya sehemu hiyo imekwisha. Ukiendelea utafika kwenye chuma. Ifute kwa kitambaa laini, paka nta, na rudia nta hiyo kila unapoona maji hayajikusanyi tena kuwa matone.