Somo: Kumpa mtu kazi ya kuchimba mtaro Dodoma bila kugombana naye

Wakuu, habari za jioni. Wiki hii watu kama wanne wamenifuata pembeni kuuliza habari za mitaro, na wote wana ugomvi uleule: mwamba. Naliweka hapa tulimalize.

Mimi si mkandarasi. Nilijenga Iyumbu, nikavuta maji kutoka bomba la DUWASA, mamlaka ya maji Dodoma, hadi kiwanjani, mita 140. Nilipatana na jamaa bei kwa mita, tukapeana mikono, sikuandika kitu. Siku ya kwanza vijana wake walikwenda kama mchwa. Siku ya pili, saa nne asubuhi, simu inaita: "Bosi, tumekutana na jiwe." Nafika, vijana wamekaa kivulini na bei imepanda mara tatu kwa mtaro mzima. Jiwe lenyewe lilikuwa mita sita tu. Lakini karatasi sikuwa nayo, na mtaro ulikuwa umeshakata njia ya gari ya jirani. Nikalipa.

Hatua ya 1: Toboa kwanza, patana baadaye. Tafuta kibarua wa kutwa achimbe vishimo vitatu kwenye njia ya mtaro, mwanzo, katikati na mwisho, kila kimoja kwa kina kilekile cha mtaro. Ardhi ya Dodoma inadanganya kwa juu. Unaona udongo mwekundu laini, ukishuka kidogo unakuta moramu, ule udongo wa changarawe, iliyoshikana kama saruji, na hatua chache mbele ni jabali. Mabondeni ni udongo mweusi wa mbuga, kiangazi unapasuka, masika unavimba na kunata kwenye chepe. Mwache mkandarasi aone vishimo kwa macho yake. Anayetaja bei kwenye simu bila kufika saiti, achana naye.

Hatua ya 2: Jua ukubwa wa kazi yako. Mtaro wangu ulikuwa upana sentimita 45, kina 80. Zidisha na mita 140 upate meta za ujazo 50 na kidogo. Udongo ukichimbuliwa unafura kama robo hivi, kwa hiyo rundo ni kama meta 63. Utalilaza wapi, na je, geti la jirani litafunguka? Fikiria hilo kabla hajaanza.

Hatua ya 3: Vibarua au kijiko, yaani mtambo wa kuchimba? Mtaro mwembamba wa bomba, vibarua. Shimo la choo, msingi mrefu au kazi ya haraka, kijiko. Ukikodi kijiko kwa saa, ulizeni mapema dizeli ni ya nani, opareta analipwa na nani, usafiri wa mtambo nani anabeba, na saa inaanza kuhesabiwa lini. Soma mita ya saa ya mtambo pamoja na opareta asubuhi na jioni. Bei sitaji, maana ya Mtumba si ya Mkonze.

Hatua ya 4: Huyu mtu ni nani? Kazi kubwa, dai usajili wake wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB). Kazi ndogo wengi tunamtumia fundi mwenye vijana wake, sawa, ila muombe akupeleke kwenye mtaro aliofukia kabla ya mvua zilizopita. Ukikuta umetitia na umekuwa mfereji, umeshajibiwa.

Hatua ya 5: Karatasi. Hapa ndipo nilipoumia, mnivumilie nikae kidogo. Andikeni bei mbili tangu siku ya kwanza: ya udongo na ya mwamba. Halafu semeni mwamba ni nini. Mimi sasa naandika hivi: kinachotoka kwa sururu na mtaimbo ni udongo, hata kama ni moramu ngumu, jiwe ambalo watu wawili wanalinyanyua ni udongo, kinachohitaji nyundo nzito na patasi, au kompresa, ndicho mwamba, na kinalipwa kwa mita zake tu. Mkikutana nacho, kazi isimame pale tu, mpime wote wawili, msaini, vijana wasogee mbele waendelee.

Andikeni pia upana na kina, nani anafukia na kushindilia, nani analipa bomba au nyaya zikikatwa, na tarehe ya kumaliza. Ikifika Desemba mvua ikapiga, vibarua wengi wanarudi mashambani, na mtaro wako utabaki wazi ukijaa maji.

Hatua ya 6: Asifukie kabla hujapima. Malipo yafuate mita zilizopimwa kwa kina. Chukua kijiti chenye alama ya sentimita 80, pita nacho kila mita tano. Bomba lilazwe, lijaribiwe kwa maji, ndipo udongo urudi. Bakiza asilimia kumi hadi mvua ya kwanza ipite.

Hatua ya 7: Watu watoke wazima. Meta moja ya ujazo ya udongo ina tani moja na nusu au zaidi. Mtaro ukishazidi kina cha mita moja na nusu, kuta zikingwe kwa mbao au zilazwe kwa mteremko, ngazi iwemo, na rundo likae mbali na ukingo.

MASWALI (kila muulizaji nimemtaja kwa mtaa wake)

*Nzuguni:* Shikamoo. Nimelipa nusu, kachimba mita 30 kati ya 90, hapokei simu. Niende polisi?

Marahaba. Mara nyingi utaambiwa hayo ni madai, si jinai. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, pimeni mbele yake, piga picha. Nusu ni mita 45, kwa hiyo anadaiwa 15. Mwenyekiti ndiye ampigie simu.

*Nkuhungu:* Mkuu, msingi kwenye udongo mweusi, bei kwa mita ya urefu ni sahihi?

Hapana, kwa ujazo. Lazima ushuke hadi upite ule weusi, na hujui utaisha wapi. Chimba kiangazi, zege lifuate haraka. Na huo mweusi usiurudishe chini ya sakafu, nunua moramu.

*Ilazo:* Mtaro unakatiza barabara ya mtaa. Nichimbe usiku?

Kaka, usithubutu! Barabara za mitaa ziko TARURA, kuu ni TANROADS, kibali kwanza. Waulize pia DUWASA na TANESCO, watu wa umeme, nini kimepita hapo chini.

*Msalato:* Chakula cha vibarua ni juu yangu?

Mkikubaliana. Maji ya kunywa ni juu yako hata msipokubaliana, hasa Oktoba.

*Kisasa:* Na lile jiwe la mita sita ulilifanyaje?

Baruti zinahitaji kibali, sikutaka. Mzee mmoja jirani alituonyesha: kuni juu yake usiku kucha, asubuhi maji, likapasuka vipande. Mawe yake ndiyo ngazi za baraza langu sasa.