Fuso ya zamani haichaji? Pima kwanza kabla hujanunua betri

Fuso nyingi za zamani zina betri mbili za volti 12 zimeungwa ziwe 24, kwa hiyo stata ikilia tu ka-ka-ka asubuhi usikimbilie dukani, chukua mita upime kila betri peke yake. 12.6 iko poa, chini ya 12.2 chaji imeshuka chini ya nusu, na zikipishana sana ile dhaifu ndo inamuua mwenzake. Sasa washa injini, pima zote kwa pamoja, utafute kama 27.5 mpaka 28.5. Ikibaki 24 cheki fenibelti, fyuzi, taminali zenye ule unga mweupe, na waya wa eathi unaoenda kwenye chesisi, huo mafundi wengi wanausahau kabisa. Ikipanda 30 regyuleta, ile inayodhibiti chaji, imekufa. Na ule mchezo wa kuchomoa taminali injini ikiunguruma acheni jamani, mnaunguza altaneta, ile inayochaji betri.