Kunakili hakuharibu wimbo, kubana upya ndiko kunakouharibu: jipimie mwenyewe

Kazi yangu ni kuhamisha muziki wa kaseti za zamani, hasa taarabu na dansi, na kuuhifadhi kwenye kompyuta. Kila mara huulizwa kama wimbo huchakaa kwa kupitishwa kutoka flashi moja hadi nyingine. Kwa kaseti ilikuwa kweli, kwa kuwa kila nakala iliongeza mvumo wake juu ya mvumo wa nakala iliyotangulia. Kwa faili la kompyuta si kweli, na ni vyema ulithibitishe jambo hili kwa macho na masikio yako. Utahitaji kompyuta, programu ya kuhariri sauti iitwayo Audacity, ambayo hutolewa bure, na hedifoni nzuri za waya.

Hatua ya 1: Pata chanzo ambacho hakijabanwa, yaani hakijapunguzwa ukubwa. Tumia CD halisi, au faili la WAV ulilorekodi mwenyewe. CD huhifadhi sampuli 44,100 za sauti kila sekunde kwa kila upande, wa kushoto na wa kulia, na kila sampuli ina biti 16. Biti hapa ni tarakimu ya sifuri au moja, si ile biti ya prodyuza. Kwa hesabu hiyo wimbo wa dakika 4 huchukua takribani megabaiti 42. Chagua wimbo wenye kayamba, matoazi au qanuni, kwa sababu besi peke yake haitakuonyesha kitu.

Hatua ya 2: Nakili mara kumi. Lipeleke faili kwenye flashi, lirudishe, linakili tena kutoka kwenye nakala. Kisha, kwenye Windows, fungua dirisha la amri na uandike `certutil -hashfile wimbo.wav SHA256`, kwenye Linux andika `sha256sum wimbo.wav`. Utapewa mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, ambao hubadilika kabisa hata ikibadilika biti moja tu ya faili. Mfuatano wa nakala ya kumi utakuwa sawasawa na ule wa faili la kwanza.

Hatua ya 3: Libane mara moja. Fungua faili ndani ya Audacity, ulihifadhi kama MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde. Megabaiti 42 zitakuwa kama 3.8, na pengine hutasikia tofauti kubwa. Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. MP3, ambayo wahandisi wa taasisi ya Fraunhofer huko Erlangen, Ujerumani, walishiriki sana kuibuni, hutegemea tabia ya sikio la binadamu: ngoma inapolia kwa nguvu, sauti hafifu iliyo karibu nayo haisikiki, kwa hiyo programu huirekodi sauti hiyo kwa usahihi mdogo au huiacha kabisa, na kosa linalotokea hufichwa nyuma ya ngoma. Ni kazi ya ustadi mkubwa, lakini kilichoachwa hakirudi.

Hatua ya 4: Libane tena na tena. Fungua hiyo MP3, punguza sauti kwa desibeli moja au kata sehemu ndogo ya sekunde mwanzoni, kama mtu anayehariri kwa kawaida, kisha ihifadhi tena kama MP3. Rudia mara kumi, kila mara ukianzia kwenye faili la mwisho. Programu haijui kwamba kosa la awali ni kosa. Hulichukulia kuwa sehemu ya muziki, ikalihifadhi, ikaongeza na lake. Sasa sikiliza kwa hedifoni. Punje za kayamba hazitengani tena, zimekuwa mchirizo mmoja. Kabla ya kila nyuzi ya qanuni kudonolewa kuna mnong'ono mfupi unaoitangulia. Herufi "s" ya mwimbaji inatoka kama maji yanayochemka.

Hatua ya 5: Sikiliza kilichopotea. Weka WAV ya asili na MP3 ya Hatua ya 3 katika mistari miwili ya Audacity. Mara nyingi MP3 huongezewa ukimya mfupi mwanzoni, hivyo kuza picha na usogeze mpaka mawimbi yalingane kabisa. Chagua mstari mmoja, tumia amri ya Invert, inayogeuza mawimbi juu chini, kisha cheza mistari yote miwili kwa pamoja. Vinavyofanana vitafutana, na kitakachobaki ni tofauti baina ya mafaili hayo.

Hatua ya 6: Tazama spektrogramu. Badili mwonekano wa mstari uwe spektrogramu, yaani picha inayoonyesha sauti nzito chini na sauti nyembamba juu, kwa kipimo cha kilohezi. MP3 ya kilobiti 128 kwa kawaida hukatika ghafla karibu na kilohezi 16, kama ukuta ulionyooka. Mteja mmoja aliniletea faili la FLAC, aina ambayo hubana bila kupoteza chochote, akiamini kwamba ndiyo rekodi bora ya kikundi cha marehemu baba yake. Ukuta ulikuwa pale pale kwenye 16: mtu alikuwa ameigeuza MP3 kuwa FLAC, na kaseti yenyewe ilikwisha kurekodiwa kitu kingine juu yake. Iliniuma sana, kwa sababu hapakuwa na la kurudisha. Usihukumu haraka hata hivyo, kwani matangazo ya FM hukatwa kwenye kilohezi 15, na kaseti nzee hufifia kidogo kidogo bila ukuta.

Hatua ya 7: Panga kazi yako upya. Rekodi katika WAV au FLAC, hariri humo, na utengeneze MP3 mwishoni kabisa, mara moja, ukianzia kwenye faili la asili hata kama unayo MP3 nyingine tayari. Unapotuma wimbo kwa WhatsApp, utume kama dokumenti. Spika ya Bluetooth nayo huubana muziki unapopita hewani, ila faili lililo kwenye simu haliguswi. Faili la asili liweke kwenye diski mbili zilizo katika nyumba mbili tofauti, pamoja na ule mfuatano wa SHA256 katika faili la maandishi, ili mwaka ujao uweze kulikagua tena.