Namna ya Kuuchunguza na Kuufufua Wembe wa Kale wa Kukunja

Kwetu Mikindani vitu vya mjomba humrudia mpwa, na ndivyo wembe wa kukunja ulivyonifikia: umefungwa kwa kipande cha kanga ndani ya kasha, mpini wake mweusi umepinda, chuma kimeota kutu. Kwa haraka zangu niliupeleka kwa fundi mmoja mwenye grenda. Katika muda wa kupepesa macho ncha iligeuka rangi ya majani makavu, kisha ikawa buluu, nami nikajua kwa hasara kwamba chuma cha wembe kikiungua hupoteza ugumu wake. Ncha ile haishiki makali hadi leo.

Anza basi kwa kuusoma kabla ya kuusugua. Habari za wembe zimo kwenye shina, yaani kile kipande kisicho na makali kilicho baina ya ubapa na ribiti ya mpini. Lisafishe kwa mswaki laini na mafuta ya cherehani pekee, kisha lipige picha kwa simu huku mwanga wa dirishani ukilijia kutoka ubavuni, maana herufi zilizofifia huonekana kwa vivuli vyake. Nyembe nyingi za kale zilitoka Sheffield, Uingereza, au Solingen, Ujerumani. Nyota pamoja na msalaba ni alama ya Joseph Rodgers wa Sheffield, na watu wawili pacha ni alama ya J. A. Henckels wa Solingen. Jina la nchi nalo husaidia kukisia umri, kwa kuwa sheria ya Uingereza ya 1887 na ile ya Marekani ya 1890 ziliwasukuma watengenezaji kuonesha bidhaa ilikotoka. Kwa hiyo wembe wenye neno Germany kwa kawaida ni wa baada ya hapo.

Hata hivyo, alama hueleza wembe ulikozaliwa, haielezi ulivyofika kasha lako. Mimi nilipoona neno Solingen niliamini kwamba wembe ulikuja na Mjerumani wa Boma la Mikindani, lile lililojengwa 1895, na nikawa nimeshaanza kuwasimulia watu. Siku moja nikaenda kumwamkia mkaza mjomba na kumwuliza. “Marahaba, mwanangu,” alisema huku akiugeuza mkononi. “Huu marehemu aliununua Nachingwea, enzi za karanga, kabla hajanioa.” Mradi wa karanga wa Waingereza ulianza 1947 na kuvunjwa 1951, kwa hiyo sentensi moja ya mzee iliyapangua makisio yangu yote. Maneno ya namna hiyo yaandike siku hiyohiyo, uyaweke pamoja na picha.

Kabla ya kugusa mpini, utambue umetengenezwa kwa kitu gani. Watu hushauri kuuchoma kwa sindano ya moto. Usifanye hivyo, kwani seluloidi, plastiki ya kale, hushika moto upesi mno. Usugue kwa kidole gumba mpaka upate joto: ukinuka kafuri, ile harufu tuijuayo misibani, ni seluloidi. Seluloidi inayooza hutoa mvuke wenye asidi unaokitafuna chuma, hivyo itenge na wembe. Mpini wa pembe uliopinda hulainika katika maji ya moto, kisha hubanwa katikati ya mbao mbili hadi upoe. Mpini ukiwa umekufa kabisa, chonga mwingine kwa vipande vya mpingo vinavyobaki kwa wachongaji wa Kimakonde, ila ufunike pua na mdomo, kwa sababu vumbi la mpingo huwasha ngozi na kuudhi mapafu.

Kagua makali chini ya mwanga mkali. Mashimo ya kutu yaliyofika kwenye makali, au ufa hata mwembamba kama unywele, huufanya wembe uwe wa kutazamwa tu. Usipoona kasoro hizo, loweka chuma katika mafuta ya taa usiku kucha, kisha ukilaze juu ya kipande cha ubao ili makali yasining’inie. Tumia msasa wa maji, ukianza na namba 400 na kupanda kidogo kidogo hadi 2000 iliyo laini zaidi, ukisugua kutoka mgongoni kuelekea makali na kuinua mkono kabla ya kurudi. Atakayerudisha mkono bila kuuinua atajikata. Kutu nyekundu iondoke. Weusi uliotulia uache, na shina usiliguse kwa msasa hata kidogo, kwani alama ikishafutika hairudi.

Kunoa kunahitaji kinoo kilichonyooka sawasawa. Laza mgongo na makali kwa pamoja, sukuma makali yakitangulia, bila kukandamiza, na ugeuze wembe kwa kuubingirisha juu ya mgongo wake. Kinoo cha namba 1000 huunda makali, cha 4000 huyalainisha, cha 8000 huyamalizia. Kwenye ukanda wa ngozi mwendo hugeuka: mgongo hutangulia, mara arobaini au hamsini. Kabla ya kunyoa, ufute wembe kwa spiriti ya asilimia 70 badala ya jiki, ambayo hukitoboa chuma, na usiutumie kwa watu wawili.

Hewa yetu ya pwani ina chumvi, na ala ya ngozi hutunza unyevu, kwa hiyo wembe usilale ndani yake. Wangu naukausha, naupaka mafuta ya cherehani, na wakati wa masika naufungua kila wiki kuutazama, ncha yake ya buluu ikiwa palepale.