Somo: Nyumba za kupangisha ambazo familia ya kipato cha chini itazimudu

Wengi huanza na ramani, hujenga, kisha hupanga kodi kwa kujumlisha walichotumia. Kwa njia hiyo kodi itawashinda walengwa hata kama ulibana kila mfuko wa saruji. Anza na kodi, urudi nyuma hadi kwenye gharama.

Hatua ya 1: Kodi. Kipimo kinachotumika sana ni asilimia 30 ya kipato cha familia, maji na umeme vikiwemo. Kwa anayeishi kwa vibarua, tumia kipato cha mwezi mbaya, si wastani.

Hatua ya 2: Hesabu. Tuseme ukishatoa maji na umeme unabaki na kodi ya 100 kwa mwezi (kwa fedha yoyote unayotumia), yaani 1,200 kwa mwaka. Toa asilimia 7 kwa nyumba kukaa wazi na kodi isiyolipwa: 1,116. Toa asilimia 30 ya hiyo kwa matengenezo, bima, usimamizi, kodi ya majengo na akiba ya kubadilisha pampu na paa: 781. Gawanya kwa 1.2 ili mwezi mmoja mbaya usikuangushe. Inabaki kama 650 kwa mwaka ya kurejesha mkopo.

Kwa riba ya asilimia 12 na miaka 15, 650 kwa mwaka inabeba mkopo wa takriban 4,430. Kwa asilimia 6 na miaka 25, takriban 8,310. Nyumba ni ile ile, mpangaji yule yule! Kwa hiyo kabla ya kuhangaika na bei ya matofali, hangaika na masharti ya mkopo.

Kama nyumba inagharimu 6,000 na mkopo unaishia 4,430, pengo la 1,570 lizibwe na fedha isiyodai riba: ruzuku, mtaji wako, au kiwanja ulichopewa. Ukiliziba kwa mkopo wa pili wa muda mfupi, fedha ya matengenezo ndiyo itakayoliwa kwanza.

Hatua ya 3: Kiwanja. Hakiki hati, matumizi yanayoruhusiwa na mkondo wa maji ya mvua. Kiwanja cha bei poa kilicho mbali na usafiri humhamishia mpangaji gharama kwenye nauli.

Hatua ya 4: Ramani na ujenzi. Weka vyoo na majiko mgongo kwa mgongo, nyumba mbili zitumie ukuta mmoja wa mabomba. Kwenye ghorofa, choo kikae juu ya choo. Bomba la choo liwe la milimita 100, mwinamo kati ya 1:40 na 1:60 (lishuke mita 1 kwa kila mita 40 hadi 60), na chemba ya kuzibulia kila kona. Likilala zaidi ya hapo, uchafu hutuama na kuziba. Karatasi ya kuzuia unyevu ukutani ikae angalau milimita 150 juu ya ardhi ya nje, la sivyo plasta itamenyuka. Zege limwagiliwe siku 7 kwa uchache.

Bana kwenye vigae, dari na rangi. Usibane kwenye msingi, paa, mabomba na koki: koki dhaifu ikizidishwa kwa nyumba 20 ni fundi asiyeondoka.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mita moja ya umeme kwa wote si nafuu?*
Nafuu siku ya kuunganisha tu. Baadaye mwenye pasi na mwenye taa moja watagombana, na deni litabaki kwako. Kila nyumba na mita yake, ya maji pia.

*Fedha ya dharura niweke kiasi gani?*
Asilimia 10 kwa jengo jipya. Ukikarabati la zamani, 15 hadi 20, kwa sababu waya na mabomba mabovu huonekana ukuta ukishavunjwa.

*Nikigawa vyumba vidogo vidogo sitapata kodi zaidi?*
Kwenye karatasi, ndiyo. Lakini familia yenye watoto huhama mapema, na kila anapohama mtu unapaka rangi, unabadilisha kitasa na kupoteza kodi. Changanya: nyumba za chumba kimoja chache, za vyumba viwili nyingi.

*Naweza kujenga kwa awamu?*
Ndiyo, ila bomba kuu na mfumo wa majitaka uvipime kwa idadi ya mwisho ya nyumba tangu awamu ya kwanza. Kufukua uwanja wenye wapangaji ni ghali kuliko tofauti ya bei ya bomba.